Mama Waya na Amplifaya Sita

Kwa miaka kumi na tisa watu wa mtaa ule waliamini kwamba Profesa ndiye anayezigeuza amplifaya za ng'ambo. Ungewaambia kwamba Profesa hajawahi kufungua transfoma moja akaifunga ikapona, wangekucheka mpaka machozi yawatoke. Aliyezigeuza ni mkewe. Lakini mkewe alikaa chumba cha nyuma, na anayekaa nyuma hana shahidi.

Walimwita Mama Waya, na halikuwa jina la heshima. Alibeba mimba mbili, na mara mbili alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Shemeji yake mmoja akatania mbele ya wateja, "Huyu shemeji yangu kazi yake kuzaa waya," maana vidole vyake siku zote vilikuwa na shaba. Watu wakacheka. Profesa akacheka kuliko wote. Jina likaganda. Yeye hakucheka wala hakulia. Aliitika tu, maana usipoitika wanakuita kwa sauti zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Amplifaya zilikuja kwenye makontena, zimeshatumika, kutoka nchi ambayo umeme wa ukutani ni volti mia moja. Hapa ni mia mbili na arobaini. Ukichomeka kitu cha kule kwenye ukuta wa hapa, kinavuma mara moja kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, kinatoa moshi, na hadithi yake imekwisha. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni boksi la kushushia umeme, zito kama jiwe la kusagia, ulibebe kila uendako na amplifaya yako. Ya pili ni kuitoa transfoma ndani ya amplifaya, kung'oa mabati yake moja moja, kuufungua waya wake na kuusuka upya, mwembamba zaidi na wenye mizunguko mingi zaidi. Wateja wote walitaka dawa ya pili. Nani anapenda kubeba jiwe?

Profesa alikuwa na maneno. Angeweza kuzungumza juu ya nguvu za spika kutwa nzima bila kumeza mate. Lakini miaka ya mwanzo aliua amplifaya saba mfululizo, na wenye mali wakaanza kuja na ndugu zao wenye vifua. Ndipo mkewe alipochukua transfoma moja iliyokufa, akaketi sakafuni, akaifungua mzunguko kwa mzunguko, na kila mia akaweka kizibo cha soda. Akachukua nyingine ya ukubwa uleule, iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa hapa, akaifungua nayo. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba yake alisema daftari la msichana ni kuwasha moto tu. Akavipanga vizibo mistari miwili, akavitazama. Palipo na vitano upande huu, upande ule vilikuwa kumi na viwili. Vitano kwa kumi na viwili. Hesabu hiyo ndiyo aliyoishi nayo.

Akajifunza pia kuipitisha kila amplifaya kwenye balbu kabla ya kuichomeka ukutani. Umeme upite kwanza kwenye balbu, ndipo uingie. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna ugonjwa ndani, chomoa. Ikiwaka kidogo ikafifia, mgonjwa amepona. Profesa aliiona balbu ile kama mchezo wa kitoto, wala hakuwahi kuishika.

Kwa kuwa hakujua kuandika, alitumia uzi. Kwenye waya wa amplifaya, karibu na plagi, alifunga uzi mweusi: fundo moja, hii bado ni ya kule; mafundo mawili, hii ni ya hapa, chomeka. Alama nyingine hakuiweka, maana Profesa alitaka transfoma irudishiwe karatasi yake ya kiwandani, mteja asijue imeguswa. "Kazi nzuri haionekani," alisema. Mkewe alijua kwamba aliyekusudiwa kutoonekana ni yeye.

Kisha akaja Karani. Aliajiriwa aandike stakabadhi, msichana wa miaka ishirini na tano, mwandiko kama umechapwa. Mwaka ulipoisha alikuwa mke mdogo. Profesa hakumwambia mkewe. Alinunua kitanda tu, kikapita mbele yake kuingia chumba cha pili.

"Usinune, bi mkubwa," Karani alimwambia siku ya tatu, akiegemea mlango na kikombe mkononi. "Mimi sikuja kukunyang'anya kazi. Waya ni zako, mume ni wangu. Tumegawana vizuri."

"Umeanza na kikombe changu, mdogo wangu. Rudisha kikombe kwanza."

"Kwani kimeandikwa jina? Nisomee basi."

Profesa, aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo, alicheka mpaka akajikata.

Siku nyingine mteja alipochungulia nyuma akauliza yule mama ni nani, Karani alijibu bila kuinua kichwa, "Yule? Anatusaidia kusafisha." Na Mama Waya akiwa ameshika mabati ya transfoma mkononi, kingo zake kali kama wembe, alisikia. Alisubiri mumewe aseme neno. Profesa alisema, "Karibu kiti, mzee."

Ndipo kazi ya ukumbi ilipokuja. Tajiri mmoja, watu walimwita Bosi, alijenga ukumbi wa watu mia sita akaagiza amplifaya sita kubwa kutoka ng'ambo, za volti mia moja zote. Alikuja mwenyewe dukani. "Nataka ziimbe bila maboksi," alisema. "Siku ya kufungua ukumbi nitawaita watu wazito. Fundi atakayenifanyia hivyo nitamtambulisha, na kazi zote za ukumbi ni zake."

"Fundi yuko mbele yako," Profesa akasema, akijipiga kifua.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mama Waya aliweka koleo chini. Alikaa juu ya ndoo, mikono mapajani.

"Sisuki."

"Husuki nini?"

"Hizo sita. Mpaka uniapie. Siku hiyo, mbele ya watu, useme kwa mdomo wako: aliyezitengeneza ni mke wangu huyu. Mara moja tu, Profesa. Baada ya hapo nirudi nyuma mpaka nife, sitakuomba kingine."

Profesa alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeongea. Akajaribu kucheka, akaona hapachekeki. Bila yeye zile sita zingekufa zote.

"Naapa," akasema. "Kwa kaburi la mama yangu."

Akasuka. Alisuka siku kumi na moja, mgongo ukawa kama upinde. Lakini Bosi aliiwahisha siku kwa wiki nzima, na kufika mkesha wa sherehe zilikuwa zimekamilika nne. Alimwambia mumewe wazi: "Nne mafundo mawili, mbili fundo moja. Hizo mbili zipitishe kwenye boksi la kushushia, ulifiche nyuma ya jukwaa. Baada ya sherehe nitazimaliza. Na rudisha fyuzi za kweli. Hivyo vipande vya waya ulivyofungia mahali pake havitakata umeme."

"Fyuzi zinanisumbua, zinakatika ovyo."

"Ndiyo kazi yake, kukatika."

Profesa hakurudisha fyuzi. Na alasiri ile, walipokuwa wakizifuta amplifaya vumbi, Karani alizikuta zile nyuzi.

"Na huu uchafu? Mume wangu, tazama hirizi za bi mkubwa. Unapeleka uchawi kwa Bosi?" Akachukua mkasi, akakata fundo baada ya fundo, mpaka waya sita zote zikabaki safi kama zilivyotoka dukani. Profesa alikuwa nje akihangaikia gari. Mama Waya alikuwa bombani.

Asubuhi aliamka akavaa gauni lake la bluu, lile pekee lisilo na tone la lehemu. Gari lilikuwa limeshaondoka. Juu ya meza aliachiwa ujumbe kwenye karatasi. Alimpelekea mwenye duka la jirani amsomee, na mwenye duka akasoma huku akitazama pembeni: "Kaa nyumbani ulinde duka. Ukumbini nafasi ni chache."

Akarudi kufunga mlango. Hapo ndipo alipoona vipande vya uzi mweusi kwenye takataka, vingine vina fundo moja, vingine mawili. Akasimama na ufunguo mkononi. Akaelewa yote kwa pamoja: kiapo kimetupwa, na alama zimetupwa nacho. Akafunga duka, akaenda kwa miguu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vyeupe, maua ya plastiki, mabwana wenye matumbo na wake zao wenye vitambaa vya kichwa virefu kuliko watoto wao. Jukwaani amplifaya sita zilipangwa mezani, vifuniko vimeondolewa, maana Profesa alipenda watu waone tumbo la mashine. Yeye alikuwa na suti, kipaza sauti mkononi, jasho shingoni.

"Hizi zilikuja za volti mia moja," alikuwa akisema. "Nimezigeuza kwa mikono hii. Na sikuwa peke yangu."

Mama Waya, mlangoni, akalinyoosha gauni lake.

"Nina nguzo yangu. Mke wangu, msaidizi wangu, aliyekesha nami. Simama, mpenzi, wakuone."

Akasimama Karani. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akamgeukia Mama Waya akamwambia, "Wamependeza, eh?"

"Sana," akajibu.

Profesa akamwona. Uso ulimbadilika, lakini si kwa aibu. Alikuwa na shida naye. Alishuka jukwaani akijifanya anakagua spika, akamvuta kando nyuma ya pazia la mlango.

"Zipi?" akanong'ona. "Mbili zipi bado? Huyu mjinga amekata nyuzi. Nimelitegesha boksi, lakini sijui nitie zipi."

"Kumbe hujui? Ni kazi ya mikono yako."

"Usinitie aibu, mama. Zipi?"

Aliweza kuziona kupitia upenyo wa pazia. Wakati wa kung'oa mabati kisu chake huacha mkwaruzo kwenye pembe ya chini, mdogo kama ukucha wa mtoto, lakini chini ya taa za jukwaa ulimetameta. Nne zilikuwa nao. Ya tatu kutoka kushoto haikuwa nao, wala ya mwisho.

"Uliza kwa sauti," akasema.

"Nini?"

"Rudi pale juu, shika kipaza sauti chako, uniulize. Mke wangu, zipi bado? Nitakujibu papo hapo."

"Unataka niwe kichekesho mbele ya Bosi?"

"Mimi nimekuwa miaka kumi na tisa. Siku moja haitakuua."

Alimtazama. Pengine hata alifikiria kukubali. Kisha akasema neno ambalo Mama Waya hakuwahi kulisahau, kwa upole kabisa: "Wewe ukitajwa, nani atakaa tena nyuma anifanyie kazi yangu?" Akarudi jukwaani.

Akabahatisha. Aliinama, akazinyanyua moja moja kana kwamba uzito ungemwambia, akachagua mbili za kulia akazitia kwenye boksi. Moja ilikuwa sahihi. Nyingine haikuwa. Ile ya tatu kutoka kushoto ikabaki ya kuchomekwa ukutani moja kwa moja.

"Mke wangu atazindua," akatangaza. Alikuwa na akili ya kutosha kukaa mbali nazo.

Karani akachomeka ya kwanza. Muziki ukatoka mnene, safi, bila mkwaruzo. Watu wakaguna kwa raha. Akachomeka ya pili, sakafu ikaanza kutetema. Mama Waya alisikia kazi yake mwenyewe ikiimba katika ukumbi mkubwa, na kwa muda mfupi akasahau yuko wapi. Ilikuwa nzuri. Hakuwahi kuisikia mahali penye nafasi. Siku zote aliijaribu kwa spika moja, kando ya ndoo.

Karani akaichukua plagi ya tatu. Akageuka, macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Karani akatabasamu, akamnyanyulia plagi kidogo, kama mtu anavyomnyanyulia mwenzake glasi ya kumpongeza. Kisha akainama juu ya ile mashine iliyo wazi ili aione taa yake nyekundu ikiwaka.

Ilibaki nafasi ya kupiga kelele. Neno moja lingetosha, hata jina. Wapo watakaosema hakuwahi, kwamba mambo yalikwenda haraka. Hayakwenda haraka. Alipata muda wa kutosha kufungua mdomo, na aliufunga.

Ilivuma mara moja. Kile kipande cha waya alichokiweka Profesa mahali pa fyuzi kilishikilia imara, hakikukatika. Kapasita mbili, vile vikopo vinavyotunza umeme, zikapasuka kama baruti, na maji yake ya moto na vipande vya bati vikaruka juu, usoni mwa Karani.

Kilio chake kilitoka kwenye spika zote, maana kipaza sauti kilikuwa mezani.

Watu wakakimbilia mlango, wengine jukwaa. Umeme ukazimwa. Bosi alipanda, akavua koti lake, akalilowesha maji ya chupa, akamfunika binti uso. Kisha akamgeukia Profesa.

"Umenifanyia nini?"

Profesa alikuwa mweupe midomo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha mkono wake wote ukanyooka kuelekea mlangoni.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Yule pale, mke wangu mkubwa! Huyo ndiye fundi! Mimi sijawahi kusuka hata moja, naapa, hata moja! Zote amezitengeneza yeye, miaka yote, muulizeni!"

Basi yakawa yamesemwa. Mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwa sauti. Vichwa mia sita vikageuka, na watu wakaachia njia mbele yake kama wanavyopisha jeneza. Akaipita katika gauni lake la bluu mpaka chini ya jukwaa.

"Ni kweli?" Bosi akamwuliza. "Ni wewe?"

Angeweza kusema hapana. Mwanamke asiyejua kusoma, mfagiaji wa duka, nani angesadiki? Profesa angeondoka na pingu, naye angerudi nyumbani akapike. Alilijua hilo kama alivyojua vitano kwa kumi na viwili.

"Ni mimi," akasema. "Hizo mbili zilizokuwa zikiimba ni zangu. Ya nne na ya tano pia. Hiyo iliyokufa sikuifikia, na ile ya mwisho pia."

Bosi hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo ulijua hiyo bado."

Karani peke yake alisikika akilia chini ya koti. Na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alianza kupata rangi usoni.

"Sema hukujua," akasema yule mama wa mlangoni, kwa sauti ya kumhurumia. "Sema tu, mwanangu, hukujua."

Lakini fundi asiyejua ipi yake na ipi si yake ni fundi gani? Hicho ndicho walichokuwa wanataka: ajiokoe kwa kukana mikono yake, mara hii hadharani.

"Nilijua," akasema. "Niliziona kutoka mlangoni."

"Na ulimwona mwenzako anainama?"

"Nilimwona."

Mwanamke mmoja akatema mate chini. Bosi akazitazama zile nne zilizokamilika, akawatazama wageni wake wanaotawanyika. Alikuwa mfanyabiashara. "Iliyobaki utaimaliza hapa hapa, mlinzi akikutazama," akasema. "Ikiisha usikanyage tena ukumbini kwangu."

Akaimaliza kwa siku tatu, katika stoo ya viti, na mlinzi hakumsemesha hata salamu. Hata leo zile tano zinaimba.

Madaktari waliokoa jicho moja la Karani. Profesa alikaa naye miezi mitano, kisha akamrudisha kwa mama yake, akisema hawezi kula akitazamwa vile. Mama Waya hakumsukia tena, na duka likamshinda katika wiki sita. Wateja walimletea transfoma, naye aliwapa maneno. Akahamia kwa ndugu yake, yule shemeji mwenye mizaha. Alituma watu kuomba yaishe. Mama Waya aliwasikiliza, akawapa maji ya kunywa, akawauliza kama Profesa amejifunza kuhesabu. Hawakuelewa, wakaondoka.

Sasa meza ya mbele ni yake. Hakuna mtu tena mtaani asiyejua nani anageuza amplifaya za ng'ambo, na watu huja kutoka mbali, maana zake haziungui. Lakini hakuna anayekaribia. Huweka mashine mezani na kurudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Wanawake huwavuta watoto wao nyuma ya sketi. Wakati wa kuchukua, humwuliza swali lilelile.

"Iko tayari, Mama Waya?"

"Iko tayari."

"Una hakika?"

Yeye huichukua plagi kwa vidole viwili na kumnyooshea mteja ng'ambo ya meza, ili achomeke mwenyewe. Mpaka leo hakuna aliyeipokea.